Prosesa Imekubali, Mazabodi Imegoma

Dakika mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Kori zote sita (viini vya kazi) za prosesa yangu, Ryzen 5 1600 ya AMD, zimesimama kwenye gigahezi 3.9, joto la prosesa nyuzi 71, feni inavuma bila kulalamika. Dakika ya tatu namba zikaanza kucheza: 3.9, 3.9, 1.5 na ushei, 3.9, 1.5 tena. Ilipofika ya tano, zile 1.5 zilikuwa nyingi kuliko 3.9, na kompyuta niliyotoka kuiongezea mwendo ikawa inajikokota kuliko siku niliyoitoa kwenye boksi. Joto la prosesa, badala ya kupanda, likaanza kushuka. Nikafungua ubavu wa kasha, nikagusa kile kipande cha alumini kilichofungwa kushoto kwa soketi, tundu inamokaa prosesa. Kidole hakikumaliza sekunde.

Prosesa haikuwa na tatizo lolote. Iliyogoma ni mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa na kuilisha umeme, na ilikuwa na haki ya kugoma.

Kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita mwendo iliopangiwa kiwandani, huelezwa mara nyingi kama jambo la prosesa peke yake: ipe volti kidogo, panda ngazi moja, jaribu, panda tena. Kwa aliyenunua mazabodi ya bei ya juu maelezo hayo yanamtosha. Kwa sisi wa ubao wa bei ya chini yanaruka sura ya katikati, ile inayoeleza umeme unaifikiaje prosesa na nani anaubeba. Swali la "itafika gigahezi ngapi?" halijibiki kabla ya jingine: ubao huu unaweza kupitisha ampea ngapi, kwa saa nzima, bila kujiunguza?

Pigo na kizidisho

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wanaofuata ngoma moja. Ubao hutoa pigo la msingi, siku hizi megahezi 100, na prosesa hulizidisha ndani yake. Kizidisho kikiwa 36 unapata gigahezi 3.6, ukikisogeza hadi 39 unapata 3.9. Kazi yenyewe ni kubadilisha namba hiyo moja. Yanayobaki yote ni kulipia deni lake.

Na kiwanda kiliacha nafasi ya nini? Prosesa mbili zilizokatwa kwenye kisahani kimoja cha silikoni hazilingani. Moja itafika gigahezi 4 kwa volti 1.3, nduguye atadai 1.4 kwa mwendo uleule. Mtengenezaji anapoandika namba kwenye boksi, lazima iwe ile ambayo hata iliyo dhaifu itaimudu, ndani ya kasha lenye joto, kwa miaka. Iliyobahatika hubaki na akiba ambayo haikuandikwa popote, na akiba hiyo ndiyo inayowindwa.

Zamani ilikuwa nono. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini iliyokuwa ikikimbia megahezi 300: pigo la msingi 66, kizidisho 4.5. Watu wakagundua kwamba nyingi kati ya hizo, ukizipandisha pigo la msingi kutoka 66 hadi 100, zinakimbia 450 na kutulia. Nusu nzima ya mwendo wa ziada, bure. Akiba ya namna ile haipo tena, kwa sababu prosesa za leo zinaichimba zenyewe: zina vipimo vya joto na mkondo ndani yake, na hupanda na kushuka kila sekunde kufuata nafasi iliyopo. Anayetaka kuovakloki leo anagombania makombo na kiwanda chenyewe, na hilo tutalirudia.

Ruhusa

Kabla ya umeme kuna suala la ruhusa, na hili nalipita haraka maana linasomeka kwenye boksi. Tangu Intel walipotoa kizazi cha Sandy Bridge mwaka 2011, kizidisho kimefungwa kwenye prosesa zao nyingi. Zilizoachwa wazi hutambulika kwa herufi K mwishoni mwa jina, na hata hizo hudai mazabodi yenye chipseti (chipu ya ubao inayoamua vipengele gani vinaruhusiwa) ya familia ya Z. Prosesa ya K ukiiweka kwenye ubao wa B au H itafanya kazi vizuri tu, ila kizidisho hakitapanda. Upenyo umetokea hapa na pale. Mwaka 2014 Pentium G3258 iliuzwa ikiwa wazi, na watengenezaji wa mazabodi wakaifungulia njia hata kwenye mbao zao za chini. Mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 ikapatikana namna ya kuzikimbiza prosesa za kizazi cha Skylake zisizo na K kupitia pigo la msingi. Intel wakaiziba.

AMD wao walikuja na Ryzen mwaka 2017 zikiwa wazi karibu zote, na wakaruhusu mchezo huu kwenye chipseti za kati: B350, kisha B450, B550, B650. Zile za chini kabisa, A320, A520 na A620, haziruhusu. Vighairi navyo vipo. Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ilitoka imefungwa, kwa sababu tabaka la kashe (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) lililobandikwa juu yake halivumilii volti kubwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaovakloki kwenye ubao wa bei ya chini, mara nyingi anazungumzia Ryzen juu ya ubao wa B.

Mtego wa hapa ni kudhani kwamba chipseti inasema lolote kuhusu nguvu. Herufi B inakuambia menyu ya BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo ndani ya ubao, itafunguka. Haikuambii ubao una mosfeti ngapi, zile swichi zinazopitisha umeme wa prosesa, wala zimepozwaje. Mbao mbili za B450 zaweza kukaa rafu moja, BIOS zinazofanana, moja ikabeba prosesa ya kori nane bila kutoka jasho na nyingine ikahemea ya kori sita.

Jambo jingine la kuliacha hapahapa: pigo la msingi. Mbao nyingi za bei ya chini hazina saa ya pembeni ya kulitenga, kwa hiyo ukiligusa unagusa pia njia za kadi ya picha na za diski. Faili zako hazina sababu ya kuingizwa kwenye jaribio hili.

Deni la volti

Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Ongeza mwendo peke yake asilimia 10, umeme utapanda kama asilimia 10. Ongeza volti asilimia 10, umeme utapanda asilimia 21. Na kuanzia mahali fulani mwendo hauji bila volti, kwa kuwa transista, swichi ndogo mno iliyomo ndani ya prosesa, inahitaji msukumo mkubwa zaidi ili imalize kugeuka kabla ya pigo linalofuata.

Twende na prosesa yangu. Ilivyotoka kiwandani, kori zote zikiwa kazini, ilikimbia gigahezi 3.4 kwa volti karibu 1.2. Mimi nikaipeleka 3.9 kwa volti 1.375. Mwendo umepanda asilimia 15 hivi. Volti nayo imepanda karibu kiasi hichohicho, ila kwa kuwa yenyewe ni ya mraba, inaleta asilimia 31. Zizidishe hizo mbili: umeme umepanda kwa nusu nzima. Kama ilikuwa inakula wati 80, sasa inakula 120.

Hapo wengi husimama, wakanunua kipoza joto kikubwa cha prosesa, wakahesabu mambo yamekwisha. Lakini ufuate ule umeme kinyumenyume hadi ulikotoka. Wati ni volti mara ampea. Wati 80 kwa volti 1.2 ni ampea 67. Wati 120 kwa volti 1.375 ni ampea 87. Mkondo umepanda asilimia 31 tena, na joto linalozaliwa ndani ya mosfeti kwa kupitisha mkondo huenda kwa mraba wa mkondo. Lipige mraba: zaidi ya asilimia 70.

Yaani asilimia 15 ya mwendo, 50 ya umeme, 70 ya joto la ubao. Nilipoiandika hesabu hii kwenye karatasi kwa mara ya kwanza nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Na ni hesabu ya upole, maana haijaingiza umeme unaovuja kwenye transista hata zikiwa zimetulia, ambao nao huongezeka kadiri joto linavyoongezeka.

Kiwanda kidogo pembeni ya soketi

Pawa saplai huleta volti 12. Prosesa inataka 1.2 au 1.3. Anayebadilisha ni saketi inayoitwa VRM, ile safu ya vijisanduku vya rangi ya kijivu au nyeusi inayoizunguka soketi upande wa kushoto na juu. Kila kijisanduku ni koili. Kando ya koili, mara nyingi chini ya kipande cha alumini, ndipo zilipo mosfeti, ambazo ni swichi tu zenye kasi ya ajabu.

Swichi ya juu hufungua mlango wa volti 12 kwa kitambo kidogo sana, kisha hufunga. Swichi ya chini hufungua upande wa sifuri ili mkondo uliokwisha kuanza kutiririka kwenye koili uendelee na mzunguko wake. Mchezo huo hurudiwa mara laki tatu na zaidi kwa sekunde. Koili hulainisha yale mawimbi, kapasita hufukia mabonde yaliyobaki, na kinachofika kwenye prosesa ni volti iliyonyooka. Kwa kuwa 1.2 ni sehemu ya kumi ya 12, swichi ya juu huwa wazi kwa muda usiozidi sana sehemu moja kati ya kumi. Tisa zilizobaki zote zinabebwa na ile ya chini. Ukikuta ubao ambao kila koili ina mosfeti moja upande mmoja na mbili upande mwingine, hapo fundi aliyechora hakukosea hesabu: hizo mbili ni za chini, zinasaidiana mzigo.

Koili moja na swichi zake huitwa fezi. Zisichanganywe na fezi tatu za umeme wa nguzo. Hapa ni zamu za kubeba. Zikiwa nne, kila moja inapokea robo ya mkondo kwa zamu yake. Ampea 87 kwa fezi nne ni karibu 22 kila moja. Zingekuwa nane, ni 11 kila moja, na kwa kuwa joto ni la mraba, kila fezi ingezalisha robo ya joto la awali. Jumla ya joto la ubao mzima ingeshuka kwa nusu, na hiyo nusu ingesambaa eneo kubwa mara mbili. Hapo ndipo pesa za mazabodi ya bei ya juu zilipokwenda. Taa za rangi ni nyongeza.

Watengenezaji wanajua kwamba watu siku hizi wanahesabu fezi, kwa hiyo kuhesabu kwenyewe kumekuwa kazi. Ubao una koili sita. Mbili si za kori za prosesa, ni za sehemu nyingine kama kidhibiti cha ramu. Boksi limeandikwa nane. Kumbe ni nne zilizowekewa koili mbilimbili zinazopiga kwa pamoja. Hiyo si hadaa kabisa, maana vifaa viwili vinagawana joto kweli, lakini havipokezani zamu kama fezi nane halisi. Idadi pia haisemi ubora: mosfeti nne nzuri, za aina inayoweka swichi zote mbili na kiendeshi chake ndani ya kifurushi kimoja, zaweza kuzidi nane za hovyo.

Tuseme VRM inapoteza asilimia 10 ya umeme unaopita. Kupata wati 120 upande wa prosesa lazima ziingie 133, na wati 13 zinabaki palepale kama joto. Namba inaonekana ndogo. Ishike balbu ya zamani ya wati 15 iliyokaa inawaka, ndipo utaelewa. Halafu kumbuka kwamba hizi 13 zimebanwa kwenye vifaa vinavyoweza kufunikwa na vidole vitatu. Mosfeti nazo zina tabia mbaya: zikipata joto ukinzani wao huongezeka, na ukinzani ukiongezeka zinazalisha joto zaidi kwa mkondo uleule. Hii ndiyo siri ya zile dakika mbili tamu. Alumini na shaba ya ubao vilikuwa bado vinanyonya joto. Viliposhiba, kipimo kikavuka kikomo, ubao ukaitumia prosesa ishara ya kupunguza, na ikapunguza kwa utii.

Shaba hiyo nayo ina mchango. Ubao wa bei ya chini huwa na tabaka nne, wa bei ya juu sita au nane, na shaba ni njia ya mkondo na ni njia ya kutorokea joto pia. Kuhusu lile tundu la umeme wa prosesa lenye pini nne badala ya nane, ambalo watu huliogopa mno: pini nne zina nyaya mbili za volti 12. Wati 133 kwa volti 12 ni ampea 11, yaani tano na nusu kwa kila waya. Waya unaziweza. VRM ya ubao huo itapiga kelele muda mrefu kabla ya waya.

Kipande cha alumini chenyewe kikague kabla ya kununua. Kuna mbao ambazo hazina kabisa. Mosfeti ziko uchi. Hizo ziachiwe mwendo wa kiwandani. Kuna zenye bonge zito lisilo na mapezi wala mifereji, lililochongwa kwa ajili ya picha, na hewa inapita juu yake bila kuchukua chochote. Na kuna kosa moja ambalo mtu analifanya akidhani anaboresha: anaondoa feni iliyokuja na prosesa, ile inayopuliza kuelekea chini, anaweka kipoza cha maji. Prosesa inapoa. Ile feni, kumbe, ilikuwa inapuliza pia mosfeti, na sasa hakuna hewa inayofika pale. Joto la prosesa linashuka nyuzi kumi, la VRM linapanda zaidi ya hapo, na mwendo unaanguka kwenye mfumo uliogharimu zaidi.

Volti uliyoandika, volti inayofika

Ukiandika 1.35 kwenye BIOS, kompyuta ikiwa imetulia utasoma kama 1.35. Anzisha mzigo, inasoma 1.29. Hakuna kilichoharibika. Mkondo ukiongezeka volti huzama, kwa sehemu kwa sababu ya ukinzani wa njia na kwa sehemu kwa makusudi. Makusudi hayo yana maana: mzigo unapoachiwa ghafla, koili bado ina mkondo usio na pa kwenda, na volti huruka juu kwa kitambo. Ikiwa ilikuwa imezama kidogo, mruko huo unaishia mahali salama.

Kwenye BIOS kuna kipengele kinachofupishwa LLC ambacho hupunguza kuzama huko, kwa ngazi. Kishawishi ni kuweka ya mwisho kabisa ili namba isicheze. Kwenye ubao mzuri unaweza kubahatika. Kwenye ubao wenye fezi chache na kapasita chache, ngazi ya mwisho inakupa mstari mzuri kwenye skrini na miruko ambayo skrini haiioni, kwa sababu programu ya kusoma vipimo kama HWiNFO inachungulia kila baada ya sekunde au mbili, na mruko unaisha ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Unahitaji osiloskopu kuuona. Mimi huweka ngazi ya katikati, naacha volti izame, na kama haitoshi naongeza kidogo kwenye namba yenyewe.

Kupima, na kusoma dalili

Mzunguko mmoja wa Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi na kuitolea alama, ni salamu tu. Kwenye ubao wa bei ya chini jaribio la dakika mbili linapima prosesa. La nusu saa ndilo linapima ubao. Prime95, programu ya hesabu nzito, ikiwa na maagizo ya AVX yanayobana hesabu nyingi kwa mpigo mmoja, ni mzigo mkali kuliko karibu chochote utakachofanya na kompyuta, na wako wanaosema kwa hiyo haina haja. Mimi huitumia kwa ubao, kwa jicho la karibu, hata kama kwa matumizi ya kila siku nitaridhika na kitu chepesi zaidi.

Kinachosaidia ni kujua nani analalamika. Skrini ya bluu au kuganda, hasa mzigo unapoanza: volti haitoshi kwa mwendo huo. Mwendo unashuka na prosesa iko nyuzi 95: kipoza cha prosesa kimeshindwa. Mwendo unashuka na prosesa iko baridi: ni VRM, rudi nyuma. Kompyuta inazimika ghafla kama imechomolewa: kinga ya mkondo imefyatuka, ama ya ubao ama ya pawa saplai, na hapo usirudie jaribio lilelile ukitumaini itakuwa tofauti. Mbao nyingi za chini hazina hata kipimo cha joto la VRM, au zina kimoja kilichowekwa mbali na mosfeti. Kipimajoto cha miale kikielekezwa nyuma ya ubao, mahali pale pale zilipo mosfeti kwa mbele, kinaweza kukwambia zaidi ya programu.

Na usiiamini namba ya gigahezi peke yake. Baadhi ya Ryzen za vizazi vya baadaye, zikikosa volti ya kutosha, huonyesha mwendo uleule huku zikiruka mapigo kimyakimya. Pima alama za jaribio kama Cinebench. Mwendo ukipanda na alama ikabaki palepale au ikashuka, umepandisha namba ya skrini.

BIOS ikikataa kuwaka baada ya jaribu la pupa, zima, chomoa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache au unganisha pini mbili za kufuta kumbukumbu; mipangilio itarudi ya kiwandani. Mbao za bei ya juu zina kitufe chake. Za kwetu hazina, kwa hiyo piga picha mipangilio yako kabla.

Uchakavu usio na kelele

Volti ikizidi kwa muda mrefu, elektroni zinazopita kwenye nyuzi nyembamba za ndani ya prosesa husukuma atomu za metali zenyewe, kidogokidogo, mpaka waya unakonda. Mhandisi James R. Black aliandika mlinganyo wa jambo hili mwaka 1969: umri hupungua kadiri mkondo unavyosongamana na joto linavyopanda. Prosesa iliyoanza kuchoka haifi siku moja. Mwendo uliokuwa unatulia kwa volti 1.35 baada ya mwaka unadai 1.375, na mwenye nayo anaongeza, na kuongeza kunaharakisha. Wasiogusa chochote nao walionja: mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinapata volti iliyozidi na kupoteza utulivu, wakatoa masasisho ya kuzidhibiti. Hizo ziliharibika kwa mipangilio ya kiwandani.

Kapasita nazo huzeeka kwa joto, na kwenye ubao ambao VRM inakaa karibu na nyuzi mia moja mchana kutwa, ziko jirani kabisa na jiko.

Inalipa?

Inategemea prosesa ni ya lini. Ryzen za 2017 zilikuwa na faida ya wazi, kwa sababu mfumo wake wa kujipandisha ulikuwa mchanga. Chukua Ryzen 5 3600 iliyokuja miaka miwili baadaye: inajipandisha yenyewe hadi 4.2 kori moja inapofanya kazi. Ukiifunga kori zote kwenye 4.1, umepata kidogo kwenye kazi zinazotumia kori zote na umepoteza kwenye zile za kori moja, ambazo ndizo nyingi. Kwenye michezo, kadi ya picha ikiwa ndiyo inayosubiriwa, hutaona tofauti hata kidogo.

Kwa vizazi hivyo mwenye ubao wa bei ya chini anapata zaidi akienda upande wa pili: kupunguza volti. Ryzen inayouzwa kama ya wati 65 kwenye soketi ya AM4 kwa kweli imewekewa kikomo cha umeme cha wati 88. Ndani ya kikomo hicho, volti ikipungua, prosesa yenyewe inaona nafasi imepatikana na kujipandisha. Unapata mwendo, na VRM inapoa badala ya kuungua. Kuanzia Ryzen 5000 kuna kipengele ndani ya PBO, mipangilio ya AMD ya kujipandisha, kinachofanya hivyo kori kwa kori. Ni kazi ya uvumilivu, siku mbili tatu za kuganda na kuwasha upya, lakini ni aina pekee ya kuovakloki ninayoweza kumshauri mwenye ubao wa fezi nne bila kusita. Jingine, lisilogusa kizidisho, ni ramu: kama uliinunua ya megahezi 3,200 na hukuwahi kuwasha XMP (mipangilio ya mwendo iliyohifadhiwa ndani ya ramu yenyewe) kwenye BIOS, inakimbia 2,133 au 2,400 tangu siku ya kwanza, na hilo ni la kurekebisha kabla hujafikiria kizidisho.

Ile 1600 yangu niliishusha hadi 3.7 kwa volti 1.25. Kwa hesabu ileile, ni asilimia 9 ya mwendo kwa asilimia 18 ya umeme na karibu 28 ya joto la mosfeti, ikilinganishwa na ilivyotoka kiwandani. Zile gigahezi 0.2 za mwisho ndizo zilizokuwa zinabeba zaidi ya nusu ya deni. Nikaitafutia VRM feni kuukuu ya sentimita 8, nikaifunga juu ya alumini kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, ikielekea chini. Prime95 saa nzima: 3.7 mwanzo, 3.7 mwisho, kipimo cha ubao nyuzi 84. Feni inakwaruza kidogo kila inapoanza kuzunguka, na kamba moja nimeshaibadilisha mara mbili kwa sababu joto linaikausha.